Niliposema Sisi Si Maskini

"Kaya yenu imo kwenye mpango?"

Aliyeniuliza alikuwa dada wa steshenari moja karibu na stendi ya Msamvu, ambaye kila msimu wa maombi ya mikopo huwajazia wanafunzi fomu kwa kasi ya ajabu, huku akila karanga. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kibodi vikinisubiri. Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Kama familia yako imo kwenye orodha ya kaya maskini zinazosaidiwa na serikali, unaandika namba ya kaya, na ombi lako linatazamwa kwa jicho jingine. Kama haimo, unaacha wazi.

Mbele ya ile kompyuta ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba ile orodha ina kazi nyingine zaidi ya kugawa fedha kidogo kwa akina mama wa kijijini.

"Mdogo wangu, foleni inakungoja. Imo au haimo?"

"Haimo."

Alitazama viatu vyangu, kisha uso. "Mpigie mama umuulize. Wengine wamo na hawajui."

"Nina uhakika."

"Haya, tajiri." Watu wa foleni wakacheka, naye akabonyeza, ukurasa ukapita.

Nilikuwa na uhakika kwa sababu aliyeitoa kaya yetu kwenye orodha ni mimi.

Kijiji chetu kiko juu, ukishapita Kinole, mahali ambapo pikipiki huanza kulalamika. Tunalima ndizi, magimbi na viungo. Shamba ni la ukoo wa mama, kama ilivyo kwa Waluguru wengi, kwa hiyo baba alipohamia Dumila na kuanza familia nyingine, sisi tulibaki na ardhi na yeye akaondoka na baiskeli. Nililijua hilo kama hadithi ya kuchekesha. Sikuwahi kulifikiria kama umaskini.

Nilikuwa likizo ya kidato cha tano. Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa kuhakiki majina. Utaratibu wake ni huu: mtendaji anasimama na karatasi, anasoma jina la mkuu wa kaya, na wanakijiji wote wanaitikia kama anastahili au hastahili. Hakuna siri. Umaskini wako unapigiwa kura ukiwa umekaa hapo hapo, kwenye nyasi.

"Hastahili!" mtu mmoja alipiga kelele jina la tatu liliposomwa. "Huyo ana mbuzi!"

"Mbuzi mwenyewe ana shida kuliko mimi!" mwenye jina akajibu, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Akapitishwa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa katika umri wa kuuliza kila kitu. Shuleni nilimuuliza mwalimu wa dini maswali mpaka akaniomba nikae nje. Nikiwa nimekaa pale mkutanoni, kichwani nilikuwa nauliza: nani aliyeweka kipimo hiki? Anayepima amepimwa na nani? Yalikuwa maswali mazuri, na mpaka leo nadhani hivyo. Ila siyo yaliyonisimamisha.

Jina la mama liliposomwa, watu waliitikia kwa sauti moja, "Anastahili!" Hakuna aliyesita. Hakuna aliyetaja mbuzi. Hata wale waliokuwa wakipiga soga nyuma waliacha soga kwanza, wakaitikia, kisha wakaendelea.

Na nyuma, karibu na ukuta wa ofisi, alikuwa amesimama msichana tuliyelala naye bweni moja, amekuja kumtembelea shangazi yake. Nilikuwa nimemwambia bwenini kwamba kwetu tuna shamba la mdalasini. Sikuwa nimedanganya. Midalasini ilikuwepo, michache. Lakini nililisema kwa namna ambayo yeye aliona shamba refu lenye wafanyakazi, nami nikamwacha aone hivyo.

Nikanyoosha mkono.

"Naomba jina la mama yangu litolewe," nikasema. "Sisi si maskini. Tuna nyumba ya bati. Tuna mdalasini, tuna migomba. Humu kijijini wapo wenye shida kuliko sisi, wapewe wao."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Msomi kashasema!" Mwingine akasema, "Basi aje atukopeshe!" Mwenyekiti wa kijiji alimtazama mama. Mama alikuwa ameketi na wanawake wenzake, kanga imemfunika hadi kwenye paji la uso. Hakuinuka. Mwenyekiti akaandika kitu kwenye karatasi yake, na mtendaji akasoma jina lililofuata.

Njiani kurudi nyumbani nilitembea mbele nikijiona mtu wa haki. Nilitarajia mama aniulize. Hakuniuliza. Alisema tu kwamba ugali wa jana upo, tutaupasha.

Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa mazuri. Chuo nikapata. Majina ya waliopangiwa mkopo yalipotoka, akaunti yangu ilionyesha mstari mmoja tu: sikupangiwa. Baba alikuwa hai kwenye vyeti, mama hana ulemavu, kaya haina namba. Kwa macho ya ile fomu, mimi nilikuwa mtoto wa watu wanaojiweza. Nilibaki na dirisha la rufaa na siku chache za kuambatisha uthibitisho wa hali ya familia. Bila mkopo chuo hakipo, hilo halikuhitaji mjadala.

Nikapanda kijijini. Mama aliniuliza kwa nini nimenyimwa.

"Mtandao ulikosea," nikasema. "Wanataka barua ya kijiji tu."

"Mtandao," akasema mama, akiendelea kupukuchua mahindi. "Mtandao utajuaje nyumba yetu? Nenda kwa mwenyekiti. Msalimie."

Nilimkuta mwenyekiti nyumbani kwake akigeuza karafuu kwenye mkeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi wetu. Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Maana vijana wa mjini hampandi huku bila msiba."

Nikamweleza. Alinisikiliza huku anaokota vijiti kwenye karafuu. Nilipomaliza, alijiuliza kwa sauti kama kaya yetu inaweza kuingizwa kwenye orodha sasa hivi, kwa kalamu, kisha akajijibu mwenyewe kwamba haiwezekani, jina haliingii bila mkutano, na mkutano wa kuhakiki haujulikani utakuja lini. Alichoweza ni kuandika barua ya kueleza hali yetu. Akaingia ndani, akarudi na karatasi ya mistari, akakaa kwenye kigoda.

"Nyumba?"

"Ya bati."

"Hilo najua, ulitutangazia. Bati la namna gani?"

Mkewe alikuwa anapita na ndoo. Nilingoja apite, naye akasimama kusikiliza.

"La zamani," nikasema. "Linavuja."

"Wapi?"

"Chumba cha mama."

Akaandika, polepole, herufi kubwa. "Kuta?"

"Udongo."

"Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Inategemea."

"Inategemea nini? Hawa watu wa mkopo hawalijui neno inategemea."

"Mara moja. Mwezi huu."

"Na ile midalasini?"

"Ilibanduliwa magome, yakauzwa. Yote. Kwa michango ya shule na nauli zangu. Imeanza kuchipua."

"Inachipua," akarudia, lakini hilo hakuliandika.

Kwa muda wa nusu saa nilitamka mwenyewe, kitu kimoja kimoja, kila nilichokikana mbele ya kijiji. Nilijaribu kujikinga kwa njia yangu ya kawaida, yaani kwa swali. Nikamuuliza: ofisi huko mjini itaaminije barua ya mtu mmoja, isiyo na kipimo wala ushahidi?

Mwenyekiti aliinua macho. "Wewe ulipotuambia mna uwezo, nani alikuomba ushahidi?"

Mkewe akacheka mpaka maji yakamwagika kwenye ndoo. Mwenyekiti hakucheka. Aliufungua mhuri, akaupulizia pumzi kwa sababu wino ulikuwa umekauka, akaugonga mara mbili ndipo ukashika.

Majibu ya rufaa yalikuja masomo yakiwa yameshaanza. Nilipewa sehemu ya ada. Fedha ya kujikimu, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, sikupewa hata kidogo. Kwa hiyo niliingia chuo, na mama akanilisha kutoka mlimani: magimbi, ndizi, wakati mwingine unga, mfuko uliofungwa kwa kamba ya mgomba na kukabidhiwa kondakta. Nilikuwa naupokea mbali na geti, na kuyahamishia yaliyomo kwenye begi langu kabla ya kuingia bwenini.

Siku ya bumu wenzangu walipopanga foleni kusaini, mimi nilikwenda maktaba. Mmoja wa niliokaa nao chumbani aliniuliza mbona sionekani kwenye foleni.

"Kwetu wanajiweza," nikasema.

Nilisema hivyo kwa wepesi ule ule, na tumbo langu likiwa na gimbi moja tangu asubuhi. Hapo hapakuwa na mkutano wala haki ya kutetea. Nilijisikia nikilisema, nikajua kabisa ninachofanya, na sikuacha. Jambo hilo linaniuma kuliko la mkutanoni, kwa kuwa mkutanoni bado ningeweza kudai kwamba sikujua. Mama nilimwambia kila simu kwamba chakula kipo, nimepewa kila kitu, mtandao ulisharekebishwa. Mwaka wa pili mfuko uliendelea kuja, wa tatu pia, na mama hakuwahi kuuliza kwa nini mtu aliyepewa kila kitu anaendelea kuupokea.

Nilihitimu. Nikapata kazi ya mkataba mjini. Mwaka jana nilipanda kijijini kwa msiba wa jirani, na jioni nikakaa kwenye benchi moja na yule mwenyekiti, ambaye sasa si mwenyekiti tena na magoti yake hayamruhusu kukaa chini na wanaume wengine. Nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba muda mrefu, kwamba siku ile ya mkutano nilimkosesha mama haki yake.

Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la kitu.

"Sisi hatukulitoa jina," akasema. "Mtoto hatoi kaya. Nilikuacha uongee kwa sababu watu walikuwa wanafurahi. Jina lilibaki."

Akanieleza kwamba siku ya tatu baada ya mkutano, mama alikwenda ofisini kwake peke yake, asubuhi, kabla ya kwenda shamba. Aliuliza kama jina lake limefutwa. Akaambiwa limo, asiwe na wasiwasi. Akaomba lifutwe. Mwenyekiti alimsihi, akamweleza faida zote, pamoja na ile ya mikopo ya chuo, kwa sababu yeye alikuwa ameelezwa kwenye semina. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mwanawe amesimama mbele ya watu, na jina likibaki ataonekana mwongo. Akachukua kalamu na kulikata mwenyewe.