Maswali Aliyoyauliza Odeta

Odeta alikuwa fundi cherehani wa Mkolani, na hapakuwa na jambo asiloiuliza simu. Doa la mafuta kwenye kitambaa cheupe linatokaje, mtoto akikohoa apewe nini, kola ya joho inakatwaje. Jirani akikwama alimwita ng'ambo ya ua, "Mama Dorcas, hebu tuangalizie Gugo!" Naye aliangalia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Mama mkwe wake, Rebeka, alikuja kutoka Sengerema kutibiwa goti. Goti likapata nafuu, mama hakuondoka. Masele, mume wa Odeta, alifurahi kumwona mama yake kila jioni. Odeta hakufurahi. Mama mkwe aliamka kabla ya watu wote, akafagia ua, akapanga sufuria za mkwewe kwa namna aliyoizoea yeye. Neno baya hakusema hata moja, na hilo ndilo lililomkera Odeta zaidi, maana alikosa pa kuanzia kulalamika.

Kumwambia mume aliona haya. Kuwaambia majirani aliogopa midomo yao. Basi akaiambia simu. Aliandika: "mama mkwe hataki kuondoka nifanyeje". Siku nyingine: "namna ya kumwondoa mgeni bila mume kujua". Na siku aliyokuta mapazia yake yamefuliwa bila yeye kuulizwa, akaandika kwa hasira: "mwanamke wa miaka sabini mwenye sukari anaishi muda gani". Akasoma majibu, akafunga simu, akaenda kupika.

Mchana mmoja Angela wa kwaya alikuja kupimwa gauni. Odeta alikuwa amepiga magoti kwenye pindo, pini mdomoni, Mama Rebeka alipotoka ndani.

"Mkamwana, naomba hiyo simu yako. Jirani wa Sengerema kanipigia, anasema majani ya mihogo yangu yanajikunja. Nataka kuuliza dawa."

Odeta alimfungulia, akampa. "Gusa hapo juu, mama, halafu uandike."

Mama Rebeka alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na kusoma kimya hakukuweza. Aligusa. Kabla hajaandika herufi, maswali ya zamani yakajipanga mbele yake, naye akadhani ndiyo maelekezo. Akayasoma kwa sauti, silabi baada ya silabi, kama asomaye somo kanisani.

"Ma-ma mkwe ha-ta-ki ku-o-ndo-ka..."

Odeta aliinuka, pini zikamwagika. Hakuthubutu kumnyang'anya mkubwa kitu mkononi. Mama Rebeka aliendelea hadi kwenye lile la sukari. Hapo sauti ikapungua, lakini alilimaliza. Angela alikodolea macho pindo la gauni kana kwamba hajawahi kuona pindo.

"Basi," alisema Mama Rebeka, akairudisha simu. "Mihogo nitaitazama mwenyewe."

Jioni alimwambia mwanawe kwamba amekumbuka shamba. Kesho yake akavuka ziwa kurudi Sengerema.

Odeta alifuta yale maswali yote, lakini masikio yake yaliendelea kuyasikia, silabi baada ya silabi. Baya zaidi likatokea kwenye sala ya jumuiya. Masele alisimama mbele ya watu akasema, "Namshukuru mke wangu. Mama anasema hajawahi kutunzwa vile." Watu wakapiga makofi. Angela naye alipiga, taratibu, bila kumtazama. Odeta alitamani ardhi ipasuke.

Asubuhi alipanda kivuko cha Kamanga peke yake, akamwambia mumewe anakwenda kumjulia mama hali. Alimkuta shambani, aking'oa mihogo iliyougua. Akapiga magoti kwenye udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja... Yale niliyoyaandika..."

Mama Rebeka aliendelea kung'oa. "Ile simu haikunizaa, wala haijui habari zangu. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Ungesema, 'Mama, nyumba imetubana,' ningefunga mzigo siku ile ile. Nilikuwa nakaa kwa sababu Masele alinisihi. Hata mimi nilichoka."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Ila lile la sukari litanichukua muda."

Odeta alisema atamweleza Masele ukweli wote. Hapo ndipo mama mkwe alipomtazama.

"Hapana. Mwanangu analala vizuri akijua nilipendwa kwake. Usimwondolee hilo ili wewe upate nafuu."

Akamfungia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwenye kitambaa, akamsindikiza hadi njiani kama ilivyo desturi. Nyumbani Masele aliipokea michembe kwa furaha, akamshika mkono mkewe mbele ya majirani.

"Mnaona?" alisema. "Wakwe wengine wanagombana. Wa kwangu wanatembeleana."

Odeta aliitikia, "Ee," akaingia ndani kuinjika maji.