Kitabu cha Utajiri na Watani Wetu

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini Tabora, enzi za Mwingereza. Mteja mmoja aliyekuwa akihama alimwachia kitabu cha kufundisha utajiri, na baba, aliyesoma misheni, akakisoma mpaka jalada likachomoka. Kilimwambia awaepuke wote wanaocheka ndoto zake. Sasa nani huku kwetu hachekwi? Watani wetu walikuwa wakipita barazani wakimwita tajiri wa viraka, kama mila inavyotaka. Baba akawafukuza, akawaambia wasikanyage tena kwake.

Mama alipofariki, watani hawakuja. Wao ndio huchimba kaburi, humwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa mpaka machozi yapate njia. Tulizika na majirani wawili, kimya kimya, na baba hakulia.

Kitabu hicho ninacho hadi leo. Nikisoma ukurasa wa kwanza bado naamini nitatajirika, na hilo linaniudhi, maana kinajua kusema na maskini. Ila aliyekiandika hakuwa na watani. Miaka yote iliyobaki baba alikaa barazani akiangalia njia, akingoja mtu wa kumcheka.