Nyanya Iko Tayari Kuja

Mke wangu aliondoka na begi moja, akaniachia ng'ombe, kuku, na miche ya nyanya ndani ya karai lililotoboka. Ng'ombe na kuku nilijua la kufanya nao. Ile miche niliitazama nikakasirika. Ilikuwa na urefu wa kidole, imelala upande mmoja kufuata jua, na hakuna aliyewahi kunifundisha habari zake.

"Uipande hii wiki kabla mvua iishe," aliniambia, mguu mmoja tayari uko barabarani. "Nyanya ikiiva nitakuwa nimerudi."

Binti yetu alikuwa amejifungua huko Nairobi. Likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha, na msichana wa kazi alikuwa ameondoka asubuhi moja bila kuaga. Mama ndiye aliyeitwa. Hivyo ndivyo mambo yalivyo siku hizi hapa kwetu Karurumo: binti anazaa mjini, na nyumba ya huku inabaki na mzee mmoja na redio. Mama wa boma la juu alikwenda kulea hivyo hivyo, ati mpaka mtoto akae vizuri. Mtoto huyo sasa anavaa sare za shule na mama hajarudi. Nilimkumbusha mke wangu hilo. Akanijibu kwamba ni aibu mtu mzima kumwonea wivu mtoto mchanga.

Nilikuwa na wivu, kusema kweli. Nilimpenda mjukuu wangu kwenye picha alizotumiwa jirani kwa simu yake kubwa, nikampenda hata zaidi nilipoambiwa ana masikio yangu. Lakini yeye alikuwa na watu watatu wa kumbeba, na mimi nilikuwa nakunywa chai huku nikiangalia kiti kitupu.

Kwetu mwanamume ana kahawa yake na ng'ombe wake. Bustani ya nyuma ya jikoni ni ya mama, na ukimwona mwanamume huko, basi anatafuta kisu kilichopotea. Nilipanda ile miche jioni, watu wakiwa wameingia ndani, nikaweka samadi kila shimo kama ninavyofanya kwa kahawa. Nikamwagia maji. Asubuhi yake miche yote ilikuwa imelala chali. Nilikaa kwenye kigoda kando yake nikijua kwamba nimeiua, na kwamba nikiiua hatakuwa na sababu ya kurudi. Ni mawazo ya kipumbavu, najua. Mtu anayekula peke yake huwa anayapata mengi ya aina hiyo. Kufikia siku ya tatu miche ilikuwa imesimama.

Mke wangu si wa huku. Kwao ni Muthara, upande wa Tigania. Tulipokutana Kimeru chake kilinipita mbio, na Kiembu changu kilimchekesha hadi akashika mbavu, kwa hiyo tukapatana kwa Kiswahili, na mpaka leo tukiwa wawili tunazungumza hicho. Changu kilikuwa cha shule, maana nilikuwa mwalimu wa Kiswahili mpaka nikastaafu. Chake alikiokota sokoni. Kwake kila kitu ni "iko." Maji iko. Watu iko. Akifika mlangoni anaita, "Mwalimu iko?" Na neno "njoo" sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake kwa hiari. Yeye husema "kuja." Kuja ukule. Kuja uone hii ng'ombe vile inafanya.

"Kuja si amri, mama," nilikuwa nikimwambia, hata kabla sijavua viatu vya shule. "Amri ni njoo."

"Haya, njoo ukule," alikuwa akinijibu. "Na ukikuja, ukuje na chumvi."

Darasani nilikuwa na mfano mmoja nilioupenda kuliko yote. Niliandika ubaoni "nyanya ameketi" na chini yake "nyanya zimeoza," nikawaeleza watoto kwamba neno ni lile lile, ila kitenzi ndicho kinachokujulisha kama unamtaja mama aliyemzaa mama yako au kitu cha kukaanga na kitunguu. Ukikosea ngeli, nikawaambia, utamkaanga bibi yako. Walicheka kila mwaka, na kila mwaka nilijiona mtu hodari.

Simu ya mke wangu ilitumbukia kwenye karai la nepi wiki ya kwanza tu, ikafa. Tangu hapo alinipigia kwa simu ya binti yetu, jioni, binti akisharudi kazini. Nilikuwa nimeshakamua ng'ombe na nimeketi jikoni nikingoja mlio. Nyuma yake nilisikia televisheni, sahani, mkwe wangu akicheka kwa Kiswahili cha kwao magharibi, na mtoto. Nyuma yangu hapakuwa na kitu cha kusikika.

"Nyanya imefika wapi?" Ndivyo alivyoanza, kila mara.

Kwa hiyo tulizungumza nyanya. Nilimwambia zimeota matawi kila mahali, akaniambia ning'oe yale yanayotokea kwapani mwa jani. Nikaenda nikang'oa, nikakata na vichwa pia, maua yakaenda pamoja nayo, na jioni hiyo nikagombezwa nikafurahi. Aliniambia nisimike fito na kufunga kwa maganda ya mgomba. Aliniambia, ukungu wa Julai ulipotushukia na majani ya chini yakawa meusi, nikayatoe nikayachome, ninyunyize jivu, na nisithubutu kumwaga maji juu ya majani. Sikuwahi kumwambia kwamba nyumba imekuwa kubwa. Sikuwahi kumwambia kwamba Jumapili naketi kanisani kwenye benchi letu na begi la Biblia upande wake, ili mtu asikae hapo. Nilimwambia mche wa tatu kutoka mwisho umenyauka. Akasema pole. Ile pole niliichukua yote.

Na sikuwahi kumwuliza anarudi lini. Hilo nilijikataza. Alikuwa ameshasema nyanya zikiiva, na mtu akishatoa neno lake humkumbushi kila siku kama mwenye deni.

Baridi ya huku haina haraka na mtu. Nyanya zilifunga zikawa kama marumaru, zikanenepa, kisha zikagoma. Zilikaa kijani wiki baada ya wiki. Chini kule Ishiara, kwenye joto, zilikuwa zimeiva zamani, na siku ya soko zilipandishwa kwetu kwa makreti, nyekundu, nzuri, tele. Sikununua hata moja. Nilikaangia mboga ya sukuma kitunguu peke yake.

Jirani yangu, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alinikuta nimeinama nazitazama kwa chini, kwenye kitako, ambako rangi huanzia.

"Mwalimu, hizo nyanya umezichunga kama mayai," akasema. "Si ununue tu kwa soko? Za Ishiara zimejaa huko."

"Hizi si za kula tu."

"Ni za nini basi, kuangalia? Chuma uweke ndani ya unga, zitaivia huko. Hata hao wa makreti huchuma zikianza tu kugeuka."

Nikamwambia mke wangu alisema zisichumwe, ziive mtini. Akanitazama, akatazama zile fito zangu na neti kuukuu ya mbu niliyozungushia kuku wasidonoe, na uso wake ukalegea. Sikuipenda ile huruma. Nikamwuliza ng'ombe wake anaendeleaje.

Kisha moja ikageuka. Ilikuwa ya chini kabisa, iliyojificha ndani. Kwanza kijani chake kilififia kikawa kama maziwa yaliyoingiwa na maji, halafu kitako kikapata haya, halafu siku moja adhuhuri, nilipofunua jani, ilikuwa nyekundu kote. Nikaigusa bila kuichuma. Ilikuwa na joto. Nilisimama pale na furaha ambayo sijui niipe jina gani katika umri wangu huu, nikaona siwezi kungoja mpaka jioni.

Binti alikuwa kazini, kwa hiyo niliandika ujumbe, nikijua atamsomea mama yake akifika. Simu yangu ni ya vitufe, na vidole vyangu ni vya chaki na jembe. Nikafikiri niandike "Nyanya zimeiva, njoo." Ndivyo inavyopaswa. Lakini nilitaka acheke. Nilitaka asikie kwamba baada ya miaka yote hiyo ya kumsahihisha nimekubali kushindwa, kwamba ninaisikia sauti yake hata asipokuwepo. Nikaandika kwa Kiswahili chake, bila nukta wala koma, mimi niliyewakata watoto wa watu alama kwa sababu ya koma:

Nyanya iko tayari kuja

Nikatuma. Nikafagia uwanja. Nikaosha vikombe viwili.

Jibu lilikuja nikiwa na ndoo ya maziwa mkononi. Binti yetu alikuwa ameandika: "Nimemuuliza, baba. Anasema bado. Mtoto halali kwa mtu mwingine na hatujapata msichana. Labda Desemba ndio tuone. Najua umechoka kukaa peke yako, pole sana. Lakini mwalimu mzima! Nyanya ni yuko, si iko."

Nilisoma nikadhani ametuma kwa mtu mwingine. Nikasoma tena, nikarudi kwenye ujumbe wangu, nikauona kama alivyouona yeye: babu anauliza kama nyanya wa mtoto yuko tayari kuja nyumbani. Kichwani mwake alikuwa ameweka alama ya kuuliza ambayo sikuiandika. Na akaenda kwa mama yake, akamwuliza.

Kwanza nilicheka, kwa sauti, hata ng'ombe akageuka. Yule bibi wa ubaoni alikuwa amekaangwa kweli, na aliyeshika sufuria ni mimi. Kisha kicheko kikaisha na mambo yakabaki vile yalivyo. Miezi yote ile nilikuwa nimejizuia kuuliza, na sasa nilikuwa nimejibiwa. Anasema bado. Si binti aliyesema, si mkwe, ni yeye mwenyewe. Nilihisi uchungu, kisha hasira, kisha ile hasira ikakosa mahali pa kukaa kwa sababu hakuna aliyekosea. Niliweka maziwa ndani, nikarudi bustanini, nikainua neti, nikaichuma ile nyanya.

Nilikuwa nimesonga ugali. Niliikata nyanya kwenye sahani, nikanyunyiza chumvi, na harufu yake ikajaa jikoni, ile harufu ambayo za makreti hazina, ya jani na jua. Ndipo simu ikalia.

"Mwalimu iko?"

"Niko."

"Ati umeuliza kama niko tayari kuja."

Ningeweza kumweleza. Lilikuwa jambo la maneno machache, na angecheka mpaka ashike mbavu. Lakini nilijua kinachofuata kicheko: angejua nyanya zimeiva, na kwamba alisema zikiiva atakuwa amerudi, na ingemlazimu avunje neno lake huku nasikia, au aje akiwa ameacha roho yake huko kwa mtoto.

"Niliuliza tu," nikasema.

"Huyu mtoto anaota meno. Nikitoka hata kidogo anapiga nduru. Sasa nitamwachia nani?"

"Kaa naye. Huku hakuna shida."

Nyuma yake mtoto alikuwa akinung'unika, na nikamsikia mke wangu akimhamishia bega la pili.

"Na nyanya? Imefika wapi?"

Kipande cha nyanya kilikuwa mdomoni. Nikakisukuma kwenye shavu.

"Bado," nikasema. "Ni hii baridi. Ziko kijani kabisa."

"Wacha tu. Itaiva." Kisha akasikiliza, maana ana masikio huyu mama. "Unakula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Wewe!" Akacheka, lakini si sana. "Basi usichume hiyo nyanya kabla ya wakati, unasikia? Uingoje. Nikikuja tutakula pamoja."

Ni "nikija." Nimelisahihisha hilo maisha yangu yote.

"Haya," nikamwambia. "Ukikuja."