Kocha Asiyetukanika

Lori la kiwanda huja linapotaka, na watu wanaolingoja hawawezi kuyatazama majani kutwa nzima. Ndiyo maana pale kituoni kwetu pa kupimia chai, kila mtu akishamwaga chai yake mezani na kutoa majani yaliyokomaa ili karani asimrudishie, wanaume huketi kwenye benchi lililoegemea ukuta na kuanza kuziendesha timu za mpira za Uingereza. Nimewasikia wakimfukuza kocha wa huko, wakamwajiri mwingine, na kabla mizani haijafunguliwa huyo naye wamemchoka. Mimi nilikuwa nachagua majani yangu nikiwa nimewapa mgongo. Niliwaona kama watu wanaogombania mahari ya binti ambaye hawamjui hata baba yake.

Mwaka jana maneno hayo yalirudi nyumbani. Timu ya mlima wetu, inayochezea uwanja unaopakana na chai yangu, ilibaki bila kocha. Mwalimu kijana aliyekuwa akiifundisha alihamishiwa shule iliyo mbele ya Kaplong, na ligi ya wadi ilikuwa karibu kuanza. Uingereza ikasahauliwa. Kila siku ya kupima majani ikawa siku ya kutafuta kocha.

Waliotajwa walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuchora maduara ardhini kwa fimbo na kuyaeleza mpaka wachezaji wanaketi chini. Wa pili alikuwa mwendesha bodaboda mmoja, mshambuliaji wa timu hiyo hiyo, ambaye alijipendekeza mwenyewe. Alitaka kuwa kocha na kuendelea kucheza, ili asipate mtu wa kumtoa uwanjani. Wa tatu alikuwa mume wa binti yangu.

Huyu ni lazima nimweleze. Alikuwa mchumaji katika shamba la kampuni upande wa Kericho, na jioni aliifundisha timu ya wachumaji wenzake. Walizifunga timu za huku kwetu bila huruma. Mashine za kuchuma zilipoletwa, mikono mingi ilirudishwa makwao, na yake ilikuwa miongoni mwa hiyo. Kwao, ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa miongoni mwa ndugu wengi. Nikampa binti yangu kipande kilicho juu ya kisima, wakajenga.

Mwanamume anayeishi kwa wakwe zake hutembea kando ya njia. Hakuna aliyemsema vibaya. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyemsema kabisa. Kwenye mkutano alipewa kiti kizuri, kisha hakuulizwa neno. Mwaka wa pili ulimkuta bado anaitwa mgeni. Alikamua, alichuma chai, alirudi, akaketi. Jioni timu ilipofanya mazoezi alisimama nyuma ya ua, mikono mfukoni, na nilimwona mguu wake ukiruka wenyewe kila mtu alipokosa kupiga.

Siku moja nikiwa nachagua majani niliwasikia wakimfikia.

"Kocha tunaye hapa hapa," alisema mwenye duka, ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka upande wa Murang'a na ambaye hajawahi kukosa mechi. "Timu yake ya shamba ilitufunga mara ngapi? Mnataka niwahesabie?"

"Usihesabu," akajibu yule wa bodaboda. "Hicho kidonda bado ni kibichi."

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mwenyekiti wa mashabiki. Alikohoa kwanza, kama afanyavyo akitaka kuharibu jambo zuri. "Mpira anaujua, sikatai. Lakini tukifungwa, tutamwambia nini?"

"Tutamwambia ni bure! Si ndiyo kazi ya kocha?"

"Wewe? Wewe ndiye utamwambia mume wa binti ya ndugu yangu kwamba ni bure?"

Yule wa bodaboda akainua mikono. "Ai, mzee. Hapo umenishika."

Kwetu mkwe hatukanwi mbele ya watu wa mkewe. Anayemtukana amemtukana binti aliyeozwa na nyumba aliyotoka. Na mlima huu wote, kwa ukoo ama kwa ndoa, ni watu wa mkewe. Mimi mwenyewe sijawahi kumpa mkono. Akiingia uani kwangu huketi mbali, na nikiwa na neno naye hulipitisha kwa binti yangu au kwa watoto. Huyu anayeniandikia maneno haya ni mtoto wake, na ameyabeba mengi.

"Kocha ni kama jiwe la chumvi," mwenye duka aliendelea. "Limewekwa hapo lilambwe na kila ng'ombe. Kocha asiyetukanika ni wa nini?"

"Basi tutafutie jiwe ambalo si mkwe wetu."

"Haya, sikilizeni. Mimi si wa ukoo wenu. Nyinyi mtaninong'oneza, mimi nitapaza. Nitamtukana kwa niaba ya mlima."

Walicheka mpaka karani akainua kichwa. Shemeji yangu peke yake hakucheka. "Na akikujibu, atakuwa amemjibu nani? Mtu atukanwe na watu wake, si na mjumbe."

Hapo mmoja akanigundua. "Kogo yuko," akasema kwa sauti ya chini, maana kogo ni nyanya kwetu. Wakarudi Uingereza haraka kama watu waliosahau kitu huko.

Ilikuwa hivyo siku nyingi. Hakuna aliyemkataa na hakuna aliyethubutu kumchukua. Polepole niliwaona wakielekea kwa mwalimu mstaafu. Wao wenyewe walijua hafai, lakini karibu wote aliwachapa wakiwa darasa la nne, na kumzomea kungekuwa haki yao.

Mimi si mtu wa kuchezea mila. Nimewarudisha watoto wangu mlangoni kwa sababu ya salamu moja iliyotolewa vibaya. Kwa hiyo binti yangu aliponijia nikikamua, nilijua analotaka na sikumsaidia kulisema.

"Mama, wamemheshimu mpaka hawamtumii," alisema.

"Heshima haijaua mtu."

"Huyu anazeeka akiwa ameketi. Akikosa timu hii, hakuna kingine cha kumsimamisha hapa. Ameanza kuzungumza juu ya kwenda kutafuta kazi mbali, na mimi najua akienda hatakuwa na sababu ya kurudi kuishi kwa wakwe."

"Mila si kamba ya ndama, uifungue unapotaka."

"Sikuombi uifungue, mama. Nakuomba uirefushe."

Nilimaliza kukamua, nikaenda zangu na maziwa. Lakini maneno yake yalikaa. Heshima ile tuliwekewa ili mgeni asidharauliwe, na sisi tulikuwa tumeishika vizuri hata imekuwa ua, yeye akiwa upande wa nje. Sikuona ni nani angeweza kuusogeza ua huo ila yule ambaye uliwekwa kwa ajili yake, na huyo alikuwa mimi.

Siku ya kupima iliyofuata niliweka chini majani yangu, nikageuka nikawatazama.

"Mpeni timu," nikasema. "Akikosea, mwambieni. Ndani ya uwanja yeye ni kocha. Akivuka akaingia kwenye chai yangu ni mkwe wangu, na atakayesahau mpaka uko wapi atanijibu mimi."

Yule wa bodaboda akasogea. "Kogo, kwa hivyo tunaweza kumwita bure?"

"Bure mnaweza."

"Na kichwa maji?"

"Usinijaribu."

Wakampa. Shemeji yangu, ambaye hapendi kununua ng'ombe bila kumwona akitembea, aliweka sharti: mechi moja kwanza. Kama tungeshindwa kukaa naye kama mashabiki na kocha wao, timu ingeenda kwa mwalimu bila maneno zaidi.

Mechi ilikuwa Jumamosi, na timu iliyokuja ilitoka upande wa Kedowa. Sikwenda kutazama. Nilikuwa nachuma mistari ya juu, ambayo kwa bahati inaonyesha uwanja wote.

Alikuwa amevaa koti la harusi yake. Vijana walianza vizuri, kisha bao la wageni likaingia polepole, kama mtu anayeingia kwake. Nikangoja kelele. Hapakuwa na kelele. Mlima mzima ulikuwa umesimama kando ya mstari, mikono imefungwa, midomo imebanwa, wote wana adabu ya mazishi. Ruhusa nilikuwa nimewapa, ila ulimi wa kuitumia hawakuwa nao.

Mwenye duka alijaribu. "Kocha! Amka!" Sauti yake ikavuka uwanja peke yake, naye akatazama nyuma kama mtu aliyeanzisha wimbo ambao si wa siku hiyo kanisani. Hakurudia.

Ukimya ule uliwaharibu wachezaji. Wamezoea kukimbia wakifukuzwa na sauti zetu, na sasa walikuwa wanatembea. Lakini aliyeumia zaidi alikuwa yeye. Kila mpira ulipopotea aligeuka kidogo, akasikiliza, akarudi kutazama mbele, na kila mara mabega yalishuka. Niliona anavyouelewa ukimya huo. Mgeni akifanya vibaya nyumbani kwa watu hawamwambii, humpa kikombe kingine cha chai na kungoja aondoke. Binti yangu alikuwa amesimama karibu na goli, na kufikia mapumziko alikuwa ameacha kutazama mpira. Alimtazama yeye tu.

Kipindi cha pili mambo yalikuwa yale yale. Yule wa bodaboda alipewa mpira mara tatu akaupoteza mara tatu, mara ya mwisho bila kuguswa na mtu. Niliona shemeji yangu akitia kofia yake mdomoni. Sijui ni hasira ya mpira ama ya kitu kingine iliyonipanda. Najua tu kwamba nilisimama wima katikati ya michai na sauti yangu ikatoka, ile ninayowaitia ng'ombe waliovuka mto.

"Wewe kocha! Umelala? Mtoe huyo wa bodaboda, anakimbia kama amebeba abiria watatu!"

Hata refa alisimama. Watu wote waligeuka kunitazama, kisha wakageuka kumtazama yeye. Naye alinitazama. Tangu alete posa kwangu hakuwahi kuniangalia usoni moja kwa moja, na mimi sikuwahi kumruhusu. Nikafikiri sasa atainamisha kichwa na kumtoa yule kijana, kwa kuwa mama mkwe amesema, na yote yatakuwa yameharibika kabisa.

"Hatoki!" akapaza.

"Asante, kocha!" akaitikia yule wa bodaboda kutoka katikati ya uwanja.

Shemeji yangu akatoa kofia mdomoni. "Hatoki vipi? Unamjibu nani hivyo? Mtoe, wewe kichwa ngumu!"

"Mzee, kaa chini! Timu ni yangu!"

Hapo mlima ukafunguka. Mwenye duka aliruka juu akipiga makofi na kutukana kwa lugha tatu. Wanawake walioleta maziwa ya mashabiki walimwambia namba mbili amechoka. Watoto walimwambia koti limembana. Kila mtu alikuwa na ushauri uliokuwa umemkaba tangu bao la kwanza, na yeye alikuwa akiukataa mmoja mmoja, akizunguka kwenye mstari wake kama jogoo, koti limevuliwa, akiwajibu wote na kuwaelekeza wachezaji katika pumzi ile ile. Vijana walianza kukimbia. Tulisawazisha. Aliyefunga alikuwa mwingine. Yule wa bodaboda wakati huo alikuwa ameanguka, na mpaka leo husema alianguka makusudi ili kumchanganya kipa.

Kisha tukafungwa tena. Mbili kwa moja.

Walimsindikiza mpaka barabarani wakimlaumu, na yeye akienda kinyumenyume ili awajibu vizuri. Nilimsikia shemeji yangu akimwambia, "Jumanne mazoezi yaanze mapema, usituletee uvivu wa shamba la kampuni," na hiyo ndiyo iliyokuwa barua yake ya kazi. Mwalimu mstaafu, aliyeshuhudia yote kutoka kwenye kiti alichobeba mwenyewe, alisema anamshukuru Mungu kwa kumwepusha.

Binti yangu alinipita kwenye chai akienda kuwasha moto. "Amepotelewa na sauti," aliniambia. "Anataka maji ya moto na asali." Alisema hivyo kama mtu anayetangaza mtoto amezaliwa.

Siku ya kupima iliyofuata alikuja kituoni na gunia lake begani. Hawakumngoja hata alitue. "Kocha, namba mbili ulimwona wapi?" Mwenye duka akasogea na kumpa nafasi kwenye benchi, akasema, "Kaa hapa katikati, tukulaumu bila kupiga kelele." Akakaa. Mimi nilikuwa pale pale mezani, na hakuna aliyeshusha sauti kwa ajili yangu. Habari za kwenda kutafuta kazi mbali sijazisikia tena.

Nyumbani hakuna kilichobadilika, na haitakiwi kibadilike. Hatupeani mikono. Huketi mbali, nami hupitisha maneno yangu kwa watoto. Wewe unayeandika, usiondoe hilo ukidhani ni la zamani. Lakini Jumamosi, kukiwa na mechi ya nyumbani, nina kazi kwenye mistari ya juu, na humwambia ninachokiona. Hajanitii hata mara moja. Wiki iliyopita nilimwambia amtoe kipa. Hakumtoa, na tukashinda. Nikaendelea kuchuma, maana kumsifu ni kazi ya mkewe.