Mkwaruzo kwenye Koti la Baba Mutua

Siku yangu ya kwanza katika studio ya picha pale Kariobangi, miaka ya tisini, sikugusa kamera hata moja. Fundi Mkuu alinionyesha picha yenye madoadoa meupe, kama harusi iliyomwagiwa mchele. "Hili ni vumbi," akasema. "Kazi yako ni hili." Kila chembe iliyotua juu ya negativu, yaani ile filamu iliyokwisha oshwa, ilitokea kwenye picha kama doa jeupe. Na mafundi wa jua kali waliokuwa mlango wa pili walikata mbao kutwa.

Meneja alinituma nitafute vifaa vya bei nafuu, kwani vya mjini vilimshinda. Niliishia darasa la saba, lakini kuchagua nilijua, au nilidhani najua. Brashi nilizipima shavuni: zilizochoma niliziacha, nikachukua moja laini ya kupakia poda. Duka la dawa nikapata pampu ya mpira ya kuvuta kamasi za watoto. Hiyo ningepulizia vumbi.

Ya kwanza kuipuliza ilikuwa negativu ya Mama Mutua wa mtaa wa Mowlem. Mumewe alikuwa amefariki, na picha yake nyingine haikuwepo. "Dada, nitunzie," aliniambia. "Mtoto wa mwisho ameanza kumsahau."

Nikabonyeza. Wingu jeupe! Pampu mpya huwa na poda ndani ili mpira usigandane. Hakuna aliyeniambia, ila nami sikuuliza. Kwa woga nikafuta kwa ncha ya leso. Poda ikatoka, ukabaki mkwaruzo kwenye koti la marehemu.

"Wewe binti, unapika chapati humu?" Fundi Mkuu akauliza. Alipouona mkwaruzo, mzaha ukamwisha. "Umefuta?"

"Nimefuta."

"Upande gani?"

"Unaong'aa."

"Shukuru Mungu. Picha yenyewe iko upande ule mwingine."

Akapitisha kidole kando ya pua yake, akapaka mafuta ya ngozi yake kwenye mkwaruzo, kidogo sana. Mafuta yakaujaza, mwanga ukapita. "Kifaa hiki hukipati dukani," akasema.

Mama Mutua alipokuja, aliishika picha. "Ni yeye. Na kifungo nilichomshonea."

"Mama, niliikwaruza," nikasema.

"Wapi?"

Nikatafuta kwa kidole, nikakosa cha kumwonyesha.

Baadaye nilihamishiwa tawi letu la mtaa wa Umoja. Msimamizi wa huko alinunua vifaa vya bei ghali tu na, kusema haki, picha zake zilishinda zetu kwa usafi.

Sasa nimestaafu. Kamera ya mjukuu wangu haina filamu. Vumbi hutua kwenye kioo kidogo cha ndani kinachopokea picha. Aliponiuliza anunue nini, nikamwambia pampu ya mpira inatosha, mradi aioshe, aikaushe, na aipulize kwanza juu ya kitambaa cheusi. Leso asiguse. Pua pia asiguse.

Kwa Mama Mutua picha bado iko ukutani. Nikienda kumsalimia, macho yangu hukimbilia kwenye koti. Kuna siku nadhani nauona ule mkwaruzo.