Nusu ya Picha

Mama yangu alikuwa na picha moja tu nzuri, na baba alikuwamo. Walipigwa picha hiyo siku walipobariki ndoa yao kanisani, sisi watoto tukiwa tumeshaanza kuzaa wa kwetu. Wamesimama kwenye ngazi za kanisa, baba na koti jeusi, mama na gauni jeupe na kofia ambayo hakuivaa tena. Nyingine hakuna. Kwetu Kibirichia, huku juu kwenye viazi, mtu hapigwi picha na nguo za kazi. Ukimwinulia mama simu shambani alikimbilia nyuma ya zizi akipiga kelele, "Ngoja nivae!" Kuvaa kwenyewe hakukufika, kwa sababu kazi haikuisha.

Alipofariki mwezi wa tano, kaka yangu aliipeleka picha hiyo Meru mjini ikuzwe kwa ajili ya mazishi. Alimwambia mwenye duka kwamba tunataka mama peke yake. Yule bwana akachukua makasi akakata. Hakutumia kompyuta kama watu wengine, alitumia makasi, na nusu ya baba akaifagia pamoja na takataka zake. Tulipogundua na kumpigia simu, pipa lilikuwa limeshamwagwa. Nilikasirika, na hata ninapoandika haya bado nimekasirika.

Siku ya mazishi, mwendesha shughuli aliita watu kwa makundi waje wapigwe picha kando ya jeneza, kama ilivyo desturi: watoto, wakwe, wajukuu, kina mama wa kanisa. Zamu ya baba ilipofika alikuwa ameshika fremu ya ile picha iliyokuzwa, mama akiwa amezungukwa na maua ya kuchapwa, na ukingoni kumebaki kipande cha bega la koti jeusi.

"Na mimi mmenipeleka wapi?" akauliza.

Jirani mmoja akamnong'oneza kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Baba akamwambia haya hayakumwagika, yamemwagwa. Akakataa kusimama na jeneza. Watu wakadhani ni uchungu tu, nao ulikuwepo, lakini mimi namjua baba. Alikuwa ameona kwamba miaka yao yote pamoja haina ushahidi wowote wa kushikwa mkononi, na kwamba walioufuta ni watoto wake.

Mwezi wa saba nikachukua likizo ofisini Embu nikaenda kukaa naye. Ndugu zangu walinituma nimshawishi ahamie kwangu, kwenye joto kidogo. Nilimkuta jikoni kwa mama, kwenye kigoda cha mama, akitazama moto. Hakuwa ameingia shambani tangu mazishi. Viazi vilikuwa vinachimbwa na vibarua bila mtu wa kuwasimamia, na kwa baba hilo ni sawa na kulala mlango wazi.

Jambo jingine. Baba akikasirika na wewe huacha Kimeru na kukusemesha Kiswahili, kama askari aliyekusimamisha barabarani. Kawaida mimi huniita mama, maana nimebeba jina la mama yake. Safari hii nilikuwa "wewe."

"Wewe, funga mlango. Baridi inaingia."

Na baridi ilikuwa baridi kweli. Mwezi wa saba kwetu jua huonekana kama mgeni wa serikali, anachelewa na anaondoka mapema. Ukungu unashuka kutoka mlimani unakaa kwenye miti, manyunyu hayaishi, nguo zinaanikwa juu ya moto na kunuka moshi. Nilizunguka kwa jamaa wote nikitafuta picha nyingine ya wawili hao. Shangazi alinitolea albamu nzima. Niliyoipata ni moja, baba amefumba macho na mama amefichwa na kofia ya mtu. Nilirudi nyumbani nikilia njiani, na sikujali nani ananiona.

Asubuhi moja nilitoka kwenda kumkatia ng'ombe majani nikakuta barafu. Imekaa juu ya nyasi, juu ya kabichi, kwenye waya wa ua, nyeupe na kimya. Jua lilikuwa linachungulia kutoka upande wa Mikinduri na kila jani lilikuwa na ukingo wa mwanga. Mlima wenyewe umevua shuka lake, kilele kiko wazi. Nikaacha panga chini, nikatoa simu, nikapiga picha mpaka vidole vikafa ganzi. Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, mama yangu akiwa hajamaliza hata miezi mitatu ardhini, kisha nikaona aibu nikaingia ndani kama mwizi wa sukari.

Baba aliomba aone. Akaishika simu mbali na macho.

"Hiyo kitu imechoma viazi ya watu, na wewe unaipiga picha?"

"Ni nzuri, baba."

"Ni nzuri ndiyo. Lakini ni mbaya."

Hata hivyo hakunirudishia simu. Alizipitia zote, tena akarudia ya kabichi.

Basi nikaendelea. Kila asubuhi nilimletea kitu: utando wa buibui uliojaa matone, pumzi ya ng'ombe ikifuka zizini, kinyonga aliyekufa ganzi kwenye michongoma, amekasirika sura nzima. Baba alikuwa mkosoaji mkali. Hii ina giza, hii umepiga kidole chako. Asipoonyeshwa kitu alianza kuuliza, "Leo hakuna?" Lakini kutoka nje alikataa, na nikigusia Embu aligeukia moto.

Mchana, mvua ikituweka ndani, nilichukua mkaa nikachora kwenye karatasi za mifuko ya unga. Shuleni nilikuwa nasifiwa kwa kuchora. Nikapata wazo ambalo niliona ni la maana sana: nitamrudisha baba mahali pake. Nikamchora mama kutoka kwenye fremu na baba kutoka pale kwenye kigoda, nikamvalisha koti, nikawasimamisha kwenye ngazi za kanisa. Kazi ya siku tatu. Nikampa.

Aliitazama sana.

"Huyu chifu ni nani amesimama na bibi yangu?"

Nilitaka kukasirika lakini kicheko kikanishinda, na yeye akacheka, akacheka mpaka akakohoa, nikampiga mgongo. Kisha kicheko kikageuka mikononi mwake. Akafunika uso kwa kofia yake ya sufu na mabega yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, hata kaburini. Niliketi chini karibu na miguu yake. Aliponyamaza aliniambia, kwa Kimeru, "Mama, umejaribu. Lakini hakuwa anasimama mbali hivyo. Alikuwa ananiegemea." Nikaongeza kuni.

Kumbe ndilo nililokuwa sijaelewa. Mimi nilidhani anataka ionekane kwamba naye alikuwepo. Yeye alitaka ule uzito begani, na huo siwezi kuuchora wala kuupiga picha.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, nilikuwa nafunga mkoba wangu nikasikia maji yakimwagwa bafuni. Baba alitoka amenyoa ndevu, viatu vimepakwa rangi, na lile koti jeusi limemwagika mabegani kwa jinsi alivyokonda. Akaniambia nichukue simu. Embu haendi, akasema, kuna viazi vya kuchimbwa na wale vibarua wanamwibia. Lakini kabla ya hayo kuna kazi moja.

Nikamfuata nyuma ya nyumba, kwenye kaburi. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo. Nyasi bado hazijashika vizuri, udongo ulikuwa mwekundu na umelowa. Alisimama upande mmoja, akanyoosha koti, akapanua mkono wa kushoto kidogo kutoka mbavuni, kama mtu anayemfungulia mwenzake nafasi. Bega la upande huo akalishusha.

Nikafuta macho, nikainua simu. Nikasogea karibu ili nipate uso wake vizuri, maana niliona pale kando hakuna kitu.

"Rudi nyuma kidogo," baba akasema. "Unamkata."