Kipande Kisicho na Herufi

Maulida binti Mwishehe hakuwa mtu wa kupaza sauti. Katika steshenari yake ya pale Kisarawe mjini alichapa barua za maombi ya kazi, akatoa nakala za vyeti, akapiga picha za pasipoti. Na mteja aliyekosea kuandika jina la baba yake mwenyewe alirekebishiwa bila kuchekwa. Ndiyo maana, siku alipoipiga meza kofi hadi karatasi zikaruka, muuza vipuri vya pikipiki wa mlango wa pili alitoka mbio na fimbo, akidhani nyoka ameingia.

Hapakuwa na nyoka. Alikuwepo Amiri.

Amiri ni mtoto wa kaka yake, fundi wa simu na kompyuta kule Mlandizi. Alikuwa amekuja kuiponya kompyuta mpakato ya shangazi yake, ambayo kila wiki iliugua kwa virusi vilivyoletwa na flashi za wateja. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa nzuri, na hata baada ya yote yaliyotokea Maulida hakuikana: mfumo wa pili, Linux, usimame kando ya Windows katika mashine ileile. Flashi za wateja zingefunguliwa upande wa Linux, ambako virusi vile havina nguvu; kazi za kuchapa zingebaki upande wa Windows.

Maulida aliuliza maswali yake kabla ya kukubali. Akaelezwa kwamba diski ni kama shamba: hukatwa vipande, mafundi huviita patisheni, na kila mfumo hutaka kipande chake. Wakapatana utaratibu. Kwanza, nyaraka zote zinakiliwe nje ya mashine. Pili, kile kipande kikubwa chenye herufi C, ambacho kilikuwa na nafasi tele, kipunguzwe taratibu kwa kutumia Windows yenyewe. Nafasi itakayopatikana iachwe wazi, na Linux ielekezwe hapo, si kwingine.

"Na usifute kitu bila kuniuliza," Maulida alisema.

"Shangazi, hamna noma. Kazi hii naifanya nimefumba macho."

"Basi leo yafumbue."

Amiri alicheka. Kisha akauliza, kama fundi yeyote anavyopaswa kuuliza: "Kuna kingine cha kutunza humu?"

"Vya kazi vyote nimevitia kwenye flashi."

Lilikuwa jibu la kweli, ila halikutosha. Ndani ya diski ile kulikuwa na kipande kingine ambacho Maulida hakukitaja, wala asingeweza kumtajia mwanamume.

Mama yake, Bi Biasha wa Vihingo, alikuwa kungwi, aliyewafunda wali wa unyago chini ya mti wa mkole. Mabinti wa vijiji vingi walipita mikononi mwake, nao walipotoka ndani waliimbiwa nyimbo ambazo wanaume huzisikia kwa mbali na kujifanya hawazisikii. Katika miaka yake ya mwisho, kifua kilipoanza kumbana, Bi Biasha alikubali binti yake amrekodi kwa simu. Alitoa sharti moja: nyimbo zile zisigawiwe hovyo, na zisifike sikioni mwa mwanamume. Maulida alizihamishia kwenye kipande cha pili cha diski, kisha akakiondolea herufi na jina ili kisionekane kabisa. Kila alipotaka kumsikiliza mama yake, alifunga mlango wa duka, akakirudishia herufi, akavaa spika za masikioni. Na alipomaliza, akakificha tena. Wala hakuweka nakala popote. Sharti ni sharti.

Na wiki hiyo nyimbo zile zilihitajika. Jumamosi, huko Janga, mjukuu wa Bi Swaumu alikuwa anatolewa nje, na Bi Swaumu, aliyekuwa rafiki wa Bi Biasha tangu usichana wao, alimtaka Maulida asimame mahali pa mama yake. Nyimbo nyingi Maulida alizijua. Zile za kufungia, za Kizaramo cha zamani, bado zilikuwa hazijamkaa kichwani. Zilikuwa kwenye kipande kisicho na herufi tu.

Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, alimkuta Amiri amekaa kitini kwake, miguu juu ya boksi la karatasi, soda mkononi. Kwenye kioo ulikuwepo ukurasa wa kusakinisha Linux.

"Karibu, shangazi. Mambo yamenyooka. Ile C ilikuwa bishi, ikatoa kanafasi kadogo hivi, hata pa kuweka mguu hapatoshi. Lakini nimekutafutia pengine. Kulikuwa na kipande kimoja kimelala tu, hakina herufi, hakina jina. Nimekiondoa. Hapa nabonyeza tu, tunaanza."

"Umekiondoa?"

"Si ni vile vipande vya kiwandani? Kila mashine inavyo. Vinakula nafasi bure."

Hapo ndipo kofi lilipotua mezani.

"Ondoa mkono wako!" Sauti ilimtoka Maulida kama si yake. "Toa mkono hapo, Amiri! Usibonyeze kitu! Nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi?"

"Shangazi, taratibu, watu wanatuangalia..."

"Waangalie! Nilisema usifute bila kuniuliza. Nilikuwa wapi, Makka? Nilikuwa hapo nyuma, naswali! Ungesubiri salamu tu!"

Jirani mwenye fimbo alichungulia mlangoni. "Dada, yuko wapi?"

"Huyu hapa, amekaa kitini kwangu," Maulida alijibu, na jirani akaona ni busara arudi kwenye vipuri vyake.

Amiri alishusha miguu kutoka kwenye boksi. Alijaribu kucheka, akaacha. "Basi niambie kulikuwa na nini, tuone."

Nusu ya hasira ya Maulida sasa ilimgeukia yeye mwenyewe, aliyekizika kitu bila kuweka hata jiwe la alama. Akasema, bila kumtazama: "Vya mkoleni. Vya bibi yako."

Amiri alirudi nyuma na kiti chake, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwewe. Kijana wa Mlandizi, mwenye simu mbili na maneno ya mjini, alijua sawasawa ni nini alichokigusa.

"Astaghfirullah. Shangazi, mimi sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza. Kitu kisicho na jina, kwako maana yake hakina mwenyewe?"

Amiri alisogea mbele tena, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu aishike mashine alieleza jambo kabla ya kulitenda. Kufuta patisheni, alisema, si kufuta vilivyomo. Kinachofutika ni alama za mpaka tu. Vilivyomo hubaki palepale mpaka aandike mtu kitu kingine juu yake.

"Yaani umeng'oa minyaa ya mpakani," Maulida alisema, "muhogo bado umo."

"Ndiyo, shangazi."

"Na nilipoingia ulikuwa umeshanyanyua jembe."

"Ndiyo, shangazi."

Alighairi usakinishaji. Kwenye ileile flashi aliyokuja nayo, Linux ilikuwa na uwezo wa kuwaka bila kuandika chochote kwenye diski. Aliiwasha hivyo, akatumia intaneti ya simu yake kupakua programu ya kutafuta mipaka iliyofutwa, akaiacha ipite diski yote. Maulida alivuta kiti akakaa karibu na bega lake. Wateja walikuja, akawaambia warudi baadaye, kwa sauti iliyowafanya wasiulize kwa nini. Kila Amiri alipotaka kubonyeza, alisema kwanza anabonyeza nini, na alingoja mpaka Maulida aitikie.

Programu iliupata mpaka. Kipande kikarudi kwenye orodha, ukubwa wake uleule.

"Lakini kurudi si kupona," Amiri alisema. "Lazima nifungue faili moja, tuhakikishe ha..."

"Utafungua nini?"

Alijishika mdomo.

"Toka nje."

Alitoka. Maulida alifunga mlango, akavaa spika za masikioni, akafungua faili ya mwisho. Kwanza palikuwa kimya. Kisha kikohozi. Kisha sauti ya Bi Biasha, kavu, yenye hasira zake za siku zote: "Maulida! Weka hilo lisimu lako chini, upige makofi! Nyimbo hizi zinakaa kooni, hazikai kwenye kidude!"

Na makofi yakaanza, na wimbo.

Maulida aliusikiliza wote hadi mwisho, midomo ikifuata. Akaurudia. Halafu, mwenyewe, kwa mkono wake, alichukua flashi mpya kutoka kabatini, akanakili kila faili, akaitia katika fundo la kanga yake. Jumamosi angempa Bi Swaumu mkononi. Kumpa rafiki wa mama si kugawa hovyo. Na kama ni kosa, basi mama angemgombeza kwa hilo siku watakapoonana.

Akafungua mlango. Amiri alikuwa amesimama juani, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Zimo?"

"Zimo."

"Alhamdulillah. Shangazi, umenisamehe?"

"Bado. Ingia ndani. Ile C umesema ni bishi. Hamisha mafaili yanayoizuia, uipunguze kama tulivyopatana, hata kama itachukua mpaka alasiri. Nitakuwa nimekaa hapa."

Akakaa. Amiri akanyoosha kidole kwenye kioo, akasema, "Hapa nabonyeza punguza," akangoja.

Maulida alisoma kila neno kwenye ukurasa ule, tangu juu hadi chini, huku akiurudia wimbo moyoni.

"Bonyeza," alisema.